Bahasha za Vita kwenye Njia ya Kendu na Kisii

Bahasha ya vita ni bahasha iliyopita posta wakati wa vita, au iliyotengenezwa baadaye kwa kuvikumbuka, ikabaki nzima pamoja na stempu, mihuri na maandishi yake ya nje. Wakusanyaji huzitenga katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la bahasha zilizobeba barua kweli: zimekunjika, zimechakaa pembeni, nyingine zimefunguliwa na mkaguzi wa serikali na kufungwa tena kwa karatasi ya gundi. Kundi la pili ni la bahasha zilizopambwa makusudi, zenye mchoro wa bendera, ndege, manowari au askari upande wa kushoto, stempu mpya upande wa kulia, na muhuri wa siku maalumu. Afrika Mashariki ina makundi yote mawili, ila kwa kiasi kisicholingana hata kidogo. Zile za mapambo ni chache, na karibu zote zilitengenezwa na wageni. Zile zilizobeba barua ni nyingi zaidi, na humo ndimo zinapopatikana bahasha za askari wa Keya, yaani King's African Rifles, walizowatumia wazazi na wake zao vijijini.

Nchi inayoonyesha vizuri historia hii ni ile iliyoitwa Wilaya ya Kavirondo ya Kusini, ambayo leo imegawanyika katika kaunti za Homa Bay, Migori, Kisii na Nyamira. Reli kutoka Mombasa ilifika ukingo wa Ziwa Viktoria Desemba 1901, mahali palipokuja kuwa Kisumu. Kutoka hapo mifuko ya posta iliingia melini. Meli kama Winifred, Sybil na Clement Hill zilizunguka ziwa zikishusha abiria, bidhaa na barua kwenye gati za Kendu, Homa Bay na Karungu. Kendu ndiyo iliyokuwa mlango wa Kisii, makao makuu ya wilaya. Njia yake ilipanda kutoka ziwani, ikakata nchi ya Kasipul penye mji wa Oyugis wa leo, kisha ikaingia katika vilima vya Wagusii. Tarishi walibeba mifuko hiyo kwa miguu kabla ya malori kuanza kupita. Kwa hiyo bahasha nyingi za Kasipul za miaka hiyo husomeka nje Kisii au Kendu Bay, wala si jina la kijiji cha mwenyewe. Alama ya mpango huo haijafutika: Oyugis iko Kaunti ya Homa Bay, lakini msimbo wake wa posta, 40222, uko katika kundi la Kisii yenye 40200, na si la Homa Bay yenye 40300.

Barua huhitaji mwandishi na msomaji. Katika nchi hii wote wawili walilelewa na misheni. Waadventista Wasabato walifungua kituo cha Gendia, karibu na Kendu, mwaka 1906, na miaka michache baadaye walikuwa na mtambo wa kuchapa vitabu vya Kijaluo. Walifungua pia kituo cha Wire, kwenye kilima kinachotazamana na Oyugis, na shule ya Kamagambo upande wa kusini. Wakatoliki walikuwa na Asumbi. Kufikia mwaka 1939 kizazi kizima cha vijana wa Karachuonyo, Kasipul na Kabondo kilikuwa kimepita katika madarasa hayo, na wengi wao waliweza kuandika Kijaluo bila shida na Kiswahili kwa kiasi. Bila maandalizi hayo, bahasha za vita vya pili zingekuwa za maofisa Wazungu na makarani wa Kihindi peke yao, kama ilivyokuwa katika vita vya kwanza.

Desturi ya kupamba bahasha kwa ajili ya vita ilishamiri kwanza Marekani, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865. Wachapaji wa upande wa Kaskazini walitoa maelfu ya michoro ya bendera, majenerali na vikaragosi vya kuwadhihaki waasi, na wanunuzi wengi hawakuzitia barua kabisa: walizibandika katika albamu. Tangu hapo mapambo na ukusanyaji vimekwenda pamoja. Katika vita vikuu vya karne ya ishirini mtindo huo ulienea nchi nyingi. Ujerumani ilichapa kadi za picha za askari wa makoloni yake ili kuchangisha fedha, na kampeni ya Jenerali von Lettow-Vorbeck huku Afrika Mashariki ikawa somo la michoro ambayo wachoraji wake wengi hawakuwahi kuikanyaga nchi yenyewe. Kadi hizo bado huuzwa minadani Ulaya. Mchoraji wa Berlin alipochora mnazi na askari aliyevaa tarbushi, alikuwa akiwaonyesha Wajerumani kile walichotaka kukiona. Thamani yake kama ushahidi wa Afrika ni ndogo.

Vita vya Kwanza viliifikia njia ya Kendu mapema. Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani kilivuka mpaka kutoka kusini na kuingia Kisii, na maofisa wa serikali wakaihama boma. Kikosi cha Keya kilichotoka Kisumu kwa meli kilishuka Kendu na kupanda kwa miguu. Tarehe 12 Septemba yalipiganwa mapigano makali Kisii, Kapteni Thorneycroft wa upande wa Waingereza akauawa, na Wajerumani wakarudi nyuma wakiwa wameumia sana. Kwa siku hizo chache posta ya wilaya nzima ilisimama. Mkusanyaji anayeona bahasha ya Kisii yenye muhuri wa mwezi huo ana haki ya kuishika kwa uangalifu, na pia ana wajibu wa kuitilia shaka.

Posta ya majeshi upande wa Waingereza iliendeshwa zaidi na Wahindi. Vikosi vilivyotoka India mwaka 1914 vilikuja na ofisi zao za posta za vitani, makarani wao, na stempu zao za India zilizopigwa chapa ya herufi I.E.F. juu ya uso wa Mfalme George wa Tano. Bahasha zenye stempu hizo na muhuri wa ofisi ya vitani ya Afrika Mashariki ni za msingi katika mkusanyo wowote wa vita hivyo. Kadiri ardhi ya Wajerumani ilivyotekwa, stempu zikaeleza nani ameshika nini. Kisiwa cha Mafia kilitekwa Januari 1915, na stempu za Wajerumani zilizokutwa huko zikapigwa chapa mpya. Wabelgiji walioingia Rwanda na Burundi mwaka 1916 walipiga chapa stempu za Kongo. Mwaka 1917 zikatoka stempu za Afrika Mashariki na Uganda zenye herufi G.E.A., na Tanganyika ilizitumia mpaka ilipopata stempu zake zenye kichwa cha twiga mwaka 1922.

Upande wa Wajerumani, uliofungiwa njia ya bahari, stempu zilianza kupungua. Mwaka 1916 mtambo wa misheni huko Wuga, katika milima ya Usambara, ulichapa stempu za muda za heller mbili na nusu, heller saba na nusu, na rupia moja. Kabla hazijatumika, meli iliyopenya kizuizi cha Waingereza ilileta stempu za kawaida. Zile za Wuga zikafukiwa ardhini zisitekwe, zikafukuliwa baada ya vita na kuuzwa kwa wakusanyaji. Stempu iliyochapwa ili kutatua shida ya posta ikaishia kuwa bidhaa ya albamu bila kubeba barua hata moja. Ni kisa kinachopendwa sana katika vitabu vya ukusanyaji, na wasomaji wake huwa hawaulizi kilichowapata walioubeba mzigo wa vita vyenyewe.

Hao walikuwa wapagazi. Nyanza ilitoa sehemu kubwa ya watu wa Kikosi cha Wachukuzi, ambacho jina lake limebaki katika mtaa wa Kariokor, Nairobi, na Kariakoo, Dar es Salaam. John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Nyanza, ndiye aliyepewa mwaka 1917 kazi ya kusimamia ukusanyaji wa watu hao. Wachukuzi waliokufa katika kampeni ya Waingereza, kwa hesabu ya serikali yenyewe, walipita 40,000, wengi kwa kuhara, homa na njaa. Wengi hawakujua kuandika, na hakuna aliyewaandikia. Majina yalinakiliwa vibaya, vijiji havikutajwa, na wengi walipokufa ndugu hawakupata habari. Mishahara ya maelfu yao haikulipwa, kwa sababu serikali ilisema wenye kuidai hawajulikani. Katika mikusanyo ya bahasha za vita vya 1914 hadi 1918, Wajaluo na Wagusii wa Kavirondo ya Kusini karibu hawamo. Pengo hilo lisihesabiwe kuwa bahati mbaya ya ukusanyaji. Ni sehemu ya historia yenyewe, na kila maonyesho ya stempu za I.E.F. na G.E.A. yangepaswa kulitaja.

Kati ya vita viwili Nyanza ilipata umaarufu wa posta kwa njia nyingine. Mwaka 1931 shirika la Imperial Airways lilianza kusafirisha barua kutoka London hadi Mwanza kwa kupitia Kisumu, na mwaka uliofuata njia ikafika Cape Town. Kila hatua mpya ilisindikizwa na bahasha za safari ya kwanza, nyingine zikiwa na michoro ya ndege na ramani, zilizotumwa na watu waliotaka tu kuzipokea zikiwa na muhuri wa siku hiyo. Hizi zilikuwa miongoni mwa bahasha za kumbukumbu za mwanzo kupita Nyanza. Mwaka 1933 posta za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa, na mwaka 1937 ndege za kutua majini zikaanza kuteremka katika ghuba ya Kisumu zikiwa na barua za himaya nzima. Mwaka 1938 nchi hizo tatu zilitoa stempu mpya za Mfalme George wa Sita: korongo wenye taji, simba, Mlima Kilimanjaro, daraja la reli la Jinja, Ziwa Naivasha, na jahazi likiwa na tanga wazi katika Ziwa Viktoria. Stempu ya jahazi ilimfaa mtu wa Kendu kuliko nyingine yoyote, kwa maana majahazi hayo aliyaona kila siku gatini. Toleo hili ndilo lililobeba barua za vita vya pili.

Vita vilipoanza Septemba 1939, na hasa Italia ilipoingia Juni 1940, posta ya Kenya ilibanwa pande zote. Bahari ya Mediterania ilifungwa kwa meli na ndege za kawaida. Ndege za majini zikapangiwa njia mpya yenye umbo la kwato ya farasi, kutoka Durban kupitia Kisumu na Cairo hadi India na Australia, na barua ya Uingereza ikalazimika kuzunguka kwa meli kupitia Afrika Kusini. Stempu zilizochapwa London zilichelewa au hazikufika. Mwaka 1941 na 1942 upungufu ukazibwa kwa stempu za Afrika Kusini zilizopigwa chapa Pretoria ya majina ya Kenya, Tanganyika na Uganda na bei mpya za senti 5, 10, 20 na 70. Kwa kuwa stempu za Afrika Kusini zilichapwa zikipokezana Kiingereza na Kiafrikana, wakusanyaji hupendelea mbili zilizoungana, moja ya kila lugha. Bahasha iliyotumika kweli ikiwa na stempu hizo, ikipelekwa kwa mtu na si kwa mkusanyaji, ni nadra kuliko stempu zenyewe.

Kenya ilitoa Waafrika karibu 98,000 kwa jeshi katika vita hivyo, na Nyanza ilichangia sehemu kubwa. Machifu walipewa idadi ya watu wa kutoa. Wengine walijiunga kwa hiari, kwa kuwa mshahara wa jeshi ulizidi wa mashamba ya chai na mkonge. Walipelekwa kwanza mpaka wa kaskazini, wakaingia Somalia na Abisinia mwaka 1941, wakapigana Madagaska mwaka 1942, kisha Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikaenda Ceylon na hatimaye Burma, ambako mwaka 1944 ilishuka Bonde la Kabaw katika mvua za masika na kufika mto Chindwin. Kutoka sehemu hizo zote ziliandikwa barua, na hapa bahasha zinaanza kusema habari za watu wa Kavirondo ya Kusini.

Bahasha ya askari husomwa kwa alama tatu. Ya kwanza ni muhuri wa posta ya jeshi, wenye herufi A.P.O., mara nyingi zikitanguliwa na E.A., kisha namba. Jina la mahali halikuandikwa, ili adui asijue kikosi kiko wapi. Namba moja iliweza kuhama na kikosi chake kutoka nchi hadi nchi, kwa hiyo namba bila tarehe haisemi kitu. Baada ya vita wakusanyaji walipanga orodha za namba hizo na tarehe zake, kazi ya subira iliyofanywa zaidi na wanachama wa chama cha East Africa Study Circle cha Uingereza na waandishi kama Edward Proud. Leo karatasi isiyotaja mahali inaweza kurudishwa kwenye kambi iliyotoka, kwa kulinganisha namba na mwezi. Ya pili ni alama ya mkaguzi. Barua ya askari ilisomwa na ofisa wa kikosi chake, aliyetia saini au muhuri, na ingeweza kufunguliwa tena njiani. Ya tatu ni herufi O.A.S. zilizoandikwa kwa mkono juu ya bahasha, kuonyesha kwamba mwandishi yuko katika utumishi wa vita.

Alama ya nne haimo katika vitabu vingi vya stempu, nayo ni anwani. Bahasha ya mtu wa Kasipul haikuwa na namba ya nyumba wala mtaa. Ilikuwa na jina la mpokeaji, jina la baba yake, kijiji, jina la chifu, halafu mkono wa kuipitishia: shule, kanisa, duka la Mhindi lililokuwa na sanduku la posta, au ofisi ya wilaya. Mfuko ulipofika, majina yaliitwa barazani au baada ya ibada. Barua ilisomwa na mwalimu au mtoto wa shule huku wazazi wakisikiliza, na jibu likaandikwa na huyohuyo. Bahasha moja ilipita mikono sita au saba kabla ya kumfikia mama aliyekusudiwa, na karibu kila mkono uliacha alama yake juu ya karatasi.

Upande wa pili mambo yalikuwa hivyohivyo. Askari asiyejua kuandika alimwomba mwenzake, karani wa kampuni, au mwalimu wa kikosi cha elimu cha jeshi la Afrika Mashariki. Askari wengi walijifunza kusoma wakiwa jeshini, na gazeti la jeshi lililoitwa Askari, pamoja na Heshima lililowafuata waliokuwa Asia, yaliwapa Kiswahili cha kuigiza. Nyumbani lilisomwa Baraza, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1939. Kiswahili kiliiruhusu barua ipite kwa mkaguzi haraka. Kijaluo kiliichelewesha, kwa sababu mkaguzi Mzungu alihitaji mkalimani, lakini ndicho kilichomfaa mama. Waliosoma barua hizo kwa niaba ya serikali waliona kwamba askari hawakuwa na mengi ya kusema juu ya risasi. Waliuliza ng'ombe wa mahari wako wapi, nani analima shamba la baba, fedha zilizotumwa zimefika, mke yuko kwa nani. Malalamiko mengi yaliishia kwa wakuu wa wilaya, na baadhi ya karatasi hizo zimehifadhiwa katika mafaili ya wilaya kwenye Jumba la Kumbukumbu za Taifa, Nairobi.

Barua nyingine hazikufika. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini kwenda Colombo, ilipigwa na manowari ya Kijapani ya chini ya maji na kuzama katika muda usiozidi dakika tatu. Walikufa zaidi ya watu 1,200, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki wa Rejimenti ya 301. Posta za majeshi ya Uingereza zilikuwa na mihuri ya kurudishia barua ambazo mwenyewe hapatikani au amekufa. Bahasha yenye muhuri wa namna hiyo ni ya huzuni na ya bei kubwa kwa pamoja, na muuzaji mwadilifu huieleza kwa heshima.

Mapambo, kwa upande wake, yalikuja kwa njia ya picha. Mwaka 1941 Afrika Mashariki iliingizwa katika huduma ya eagrafu iliyokuwa imeanza Cairo mwezi Aprili mwaka huohuo. Mwandishi alijaza karatasi maalumu, ikapigwa picha kwa filamu nyembamba ya Kodak, filamu ikapanda ndege, na upande wa pili ikachapwa upya kwa ukubwa wa kiganja na kuingizwa katika bahasha ndogo yenye dirisha. Barua 1,600 zilizokuwa na uzito wa kilo zaidi ya 20 zikawa gramu 140 hivi. Kwa kuwa kilichosafiri kilikuwa picha, hakuna kilichozuia kuchora, na majeshi sehemu mbalimbali yalitoa karatasi za Krismasi zenye michoro tayari: wanyama, mitende, ngamia, askari na salamu za mwaka mpya. Hizo ndizo bahasha na karatasi za vita zenye mapambo zinazopatikana kwa wingi zaidi kutoka ukanda huu. Karibu zote ziliandikwa na maofisa na askari Wazungu kwenda Uingereza.

Wachoraji wa mkono walikuwa wafungwa. Baada ya Abisinia kuanguka mwaka 1941, makumi ya maelfu ya Waitaliano waliletwa Kenya, wakawekwa katika kambi za Nanyuki, Gilgil, Londiani, Eldoret na kwingineko. Chini ya Mkataba wa Geneva wa 1929 barua zao zilipita bila stempu, zikiwa na maandishi ya kambi na alama za wakaguzi wa nchi mbili. Miongoni mwao walikuwamo mafundi, wachoraji na wachonga mawe. Kanisa dogo walilolijenga kando ya barabara ya Mai Mahiu linajulikana na kila msafiri wa Bonde la Ufa. Kadi walizozichora kwa rangi ni nzuri kuliko chapa nyingi za viwandani, na zinathaminiwa ipasavyo. Kambi namba 354 ya Nanyuki ina soko lake pekee, kwa kuwa huko ndiko Felice Benuzzi na wenzake wawili walikotoroka mwaka 1943, wakapanda Mlima Kenya na kurudi kifungoni kwa hiari yao.

Amani ilipofika posta ilitoa stempu za ushindi. Kenya, Uganda na Tanganyika zilipata mbili, za senti 20 na senti 30, Novemba 1946, zikiwa na picha ya mfalme na Jengo la Bunge la London, mchoro uleule uliosambazwa katika makoloni yote. Watu waliandaa bahasha za siku ya kwanza, nyingine zimechapwa maneno na michoro ya ushindi. Bahasha hizo ni rahisi kupata na za bei ndogo hadi leo. Hakuna Chindwin ndani yake, wala Kabaw, wala jina la askari wa Keya. Wakati zilipotoka, wengi wa askari wa Kavirondo ya Kusini walikuwa wamerudi na akiba zao, baadhi wakijaribu biashara ya duka au posho katika masoko kama Oyugis na Rangwe.

Hali ya Hatari ya 1952 hadi 1960 iliacha bahasha zake pia: za askari wa Kiingereza zenye namba za posta ya jeshi, na za wafungwa wa Mau Mau, wakiwamo waliowekwa visiwani Mageta na Saiyusi katika Ziwa Viktoria. Hizi za pili ni chache mno, na nyingi ni maombi kwa maofisa kuliko barua za nyumbani. Tangu miaka ya 1960 biashara ya bahasha za kumbukumbu za vita imekuwa zaidi ya Uingereza na Marekani, ambako jumba la makumbusho la jeshi la anga na makampuni binafsi yametoa mfululizo wa bahasha zenye michoro ya ndege na saini za marubani. Burma ya Waafrika hutajwa humo mara chache.

Soko lina vipimo vyake. Bei hupandishwa na uchache wa muhuri, usafi wa karatasi, njia isiyo ya kawaida, na mvuto wa mchoro. Kwa vipimo hivyo eagrafu ya Krismasi yenye twiga hushinda bahasha ya kahawia iliyoandikwa kwa penseli kwenda kwa Chifu wa Kasipul. Kwa kipimo cha historia mambo ni kinyume. Ya kwanza inathibitisha kwamba ofisa fulani aliwakumbuka jamaa zake Desemba. Ya pili inaonyesha ni vikosi gani vilichukua watu wa Kasipul, walikuwa wapi mwezi gani, nani aliwaandikia, barua ilipita kwa nani, na mji mdogo wa njiani uliunganishwaje na Ceylon na Burma. Mkusanyaji makini wa Afrika Mashariki angefanya vyema kuacha mchoro na kununua anwani.

Asijali mapambo, lakini ajali udanganyifu. Chapa za Mafia na za I.E.F. zimeghushiwa tangu zamani, na G.E.A. pia. Bahasha halisi huweza kuongezewa stempu ya bei kubwa au muhuri bandia. Ukaguzi wa kwanza ni wa kawaida: je, muhuri unapita juu ya stempu na karatasi bila kukatika? Nauli inalingana na uzito na njia? Tarehe inakubaliana na mahali kikosi kilipokuwa? Kuna muhuri wa kupokelea nyuma? Bahasha iliyoandikiwa mfanyabiashara wa stempu, ikiwa na seti nzima ya stempu za kila bei, ilitengenezwa kwa ajili ya albamu, hata kama posta ni ya kweli.

Bahasha za askari ambazo bado ziko nyumbani, katika masanduku ya bati, kati ya hati za mashamba na vyeti vya ubatizo, ziko hatarini kuliko zile za minadani. Mchwa, moshi na unyevu wa ukanda wa ziwa huzimaliza taratibu. Mkasi wa mtoto anayekata stempu huzimaliza mara moja. Stempu ya senti chache ikitolewa kwenye bahasha hubaki na thamani ndogo sana, na muhuri, anwani na alama ya mkaguzi hupotea milele. Familia yenye karatasi hizo isizikate, isizibandike kwa gundi ya plastiki, isizitoe barua na kutupa ganda la nje. Zitiwe katika bahasha kubwa ya karatasi safi, mbali na jiko na ukuta wenye unyevu, zipigwe picha pande zote mbili, na jina la askari, kikosi chake na kijiji chake yaandikwe pembeni kwenye karatasi nyingine wakati wazee wanaoyakumbuka bado wapo. Asiyeweza kuzitunza azipeleke kwenye Jumba la Kumbukumbu za Taifa kabla hajamwonyesha mnunuzi yeyote.